Firigisi ya Bi Nyamizi

Hapo zamani, mimi nikiwa bado na meno yangu yote, Bi Nyamizi wa Unyamwezi alijikata ugoko kwa jembe.

Ndani ya damu yake waliishi watatu. Fibrini, mfuma nyavu. Plasmini, mwenye meno ya kukata nyuzi, lakini hulala fofofo mpaka aamshwe. Na Kiamsho, anayekaa ukutani mwa mshipa, hana hata jino moja, kazi yake kuamsha.

Fibrini akaja mbio. Akafuma, akafuma, akafuma, jeraha likazibwa. Basi si angeacha? Wapi! Bi Nyamizi alilala siku sita bila kutembea, damu ikazubaa, naye Fibrini akafuma mpaka mshipa wa mguu ukaziba kabisa. Mguu ukavimba kama mtungi. Mumewe, Mzee Maganga, akalia waziwazi: "Mke wangu anakufa huku namwona!"

Kiamsho akashuka, akamtikisa Plasmini. "Amka, bwana, nyumba inatuangukia!"

Plasmini akaamka. Akakata, akakata, akakata, damu ikapita. Lakini alishanogewa; akaenda kutafuna na kiraka cha jeraha. Damu ikaanza kutoka tena! Fibrini akarudi mbio, akafuma upya.

Bi Nyamizi akapona. Mzee Maganga akachinja kuku, na firigisi, ambayo tangu waoane haikuwahi kuikosa sahani yake, akamwekea mkewe.

"Kula, mama watoto. Leo ni yako."

Bi Nyamizi akala huku machozi yanamtoka. Ikashuka mpaka kwenye damu, na wale watatu wakaizunguka.

"Yangu," akasema Fibrini. "Nimemziba mara mbili."

"Wewe uliyetaka kumuua?" akasema Plasmini. "Yangu! Wavu wako nimeukata mimi."

"Na kiraka je?"

"Hapo... nilipitiwa."

Kiamsho akacheka. "Nyinyi mmekosea, mimi sijakosea. Leteni."

"Hujakosea kwa sababu hujafanya kitu!" Plasmini akamaka. "Umekata uzi gani?"

"Na nani alikuamsha?"

"Wewe. Ukaniambia niamke, hukuniambia niishie wapi!"

Haya, wenzangu. Firigisi ni moja, na kila mmoja kaapa: akinyimwa, hafanyi kazi tena. Na Bi Nyamizi, anayecheka na mumewe jikoni bila habari, hawezi kuishi akimkosa hata mmoja wao. Wewe unayeguna hapo nyuma, anza: je, ungempa nani?