Ngoma ya Zimwi na Kaburi la Baba

Sogeeni, wasikilizaji! Mmesogea? Basi sikieni.

Zimwi liliacha ngoma yake katika kijiji cha Mlimani. Ngoma hiyo ililia yenyewe, ikisema: "Wao si sisi!"

Siku baba yake Sikudhani wa Mlimani alipofariki, watani kutoka Bondeni walikuja na majembe, kama desturi ilivyowataka, kumchimbia kaburi na kumtania.

"Mlafi huyu!" akasema Chilumba, mkubwa wa watani. "Lipanueni, tumbo halitaingia!"

Ngoma ikalia mara ya kwanza. Waombolezaji wakaacha kucheka. Ikalia mara ya pili. Wakasimama kama mwili mmoja. Ikalia mara ya tatu, wakainua mikuki. Sikudhani naye akajikuta ameshika mkuki, na utamu wa kuwa mmoja na wengi ukampanda kichwani kama pombe.

"Wamemtukana baba yako," likanguruma zimwi kutoka ndani ya ngoma. "Anza wewe!"

Sikudhani akautupa mkuki, akaingia kaburini, akasimama mbele ya watani.

"Baba alichimba makaburi arobaini huko Bondeni, na wafu wote arobaini aliwatukana. Leo ni zamu yake. Simnyimi!"

"Msaliti!" wenzake wa Mlimani wakamzomea.

"Haya, msaliti ndiye mimi. Nichomeni!" Kisha akamgeukia Chilumba. "Nawe, shingo ya korongo, unatetemeka nini? Chimba, au jembe limekushinda?"

Bibi mmoja akaangua kicheko. Akafuata wa pili, kisha wa tatu, kisha kijiji kizima.

Ngoma ikalia mara ya nne, lakini kwa vicheko vile hakuna aliyeisikia.

Nami nanyamaza hapo. Atakayeisikia kwake, asiicheze.