Lakshmi wa Dirishani

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, mmekula au mmefunga? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, katika mji ambao jina lake sina haja ya kuwatajia, palikuwa na bibi mmoja wa Kihindi, Bibi Velbai. Mumewe alikufa akamwachia duka la nafaka na mwana mmoja, Devsi. Bibi mwenyewe alikuwa mfupi, mkimya, hana makuu. Lakini akisema neno, mji mzima hulala nalo.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mashamba yakakauka, yakakauka, hata mbigili zikanyauka. Mtama ukabaki mahali pamoja tu, ghalani mwa Devsi. Devsi naye akafunga ghala. "Bei bado," akasema. "Itapanda tena."

Wa kwanza kufukuzwa dirishani mwa duka alikuwa Bi Hadia, mkunga wa mji. Alikwenda na kikapu chake, akaomba mtama wa kulipa wakati wa mavuno. Devsi akamfungia dirisha usoni. Pa! Kesho akaenda tena. Pa! Kila jioni anakwenda, kila jioni, pa! King'ang'anizi yule mama, nyie hamkumjua.

Bi Hadia alikuwa na mwana, Fundi Lali, mchonga milango. Nani anachongesha mlango mwaka wa njaa? Patasi zimelala, watoto wanalia, na Lali anamwona mama yake akirudi na kikapu kitupu. Ilimuuma. Ilimuuma sana.

Siku moja Devsi akamwita. "Fundi, sikukuu yetu ya taa inakaribia. Nichongee Lakshmi, mungu wetu wa kike, nimtundike dukani. Ndiye mleta mali. Ukimaliza, gunia la mtama lako."

Gunia! Lali akaitikia kabla hajafikiri. Devsi akasafiri kwenda kutafuta nafaka zaidi, kazi akamwachia mama yake aisimamie.

Lali akabeba ubao wa mfenesi mpaka uani kwa Bibi Velbai.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna?"

"Nisikufiche, Bibi. Dini yangu hainiruhusu kuchonga uso wa kiumbe. Na nyumbani hatuna hata punje."

Bibi akamtazama yeye. Akalitazama dirisha la duka. "Wewe unaweza nini?"

"Maua. Minyororo. Mikono, labda."

"Basi yatosha. Chonga yungiyungi, ndicho kiti chake. Linaota topeni na halichafuki. Moyo nao uwe hivyo. Kisha mikono minne. Miwili ishike maua. Mmoja uinuke, unasema usiogope. Mmoja ushuke, kiganja wazi, sarafu zinadondoka. Huo wa mwisho utie bidii, maana mwanangu hajauelewa. Tunaye Saraswati mwenye zeze, wa elimu. Tunaye Durga juu ya simba, wa kulinda wanyonge. Devsi kamtaka wa mali peke yake."

"Na uso, Bibi?"

"Mahali pa uso toboa tundu, kadiri ya kichwa cha mtu, ulizungushie taji. Ukimaliza, ubao upigilie dirishani, kwa ndani."

Lali hakuelewa. Akachonga. Ko! ko! ko! Yungiyungi likafunua majani. Ko! ko! ko! Mikono ikatoka, na kile kiganja wazi ungedhani kinakupa kitu.

Jioni ya sikukuu Devsi akarudi. Kuangalia dirishani, akawaka.

"Uso uko wapi? Fundi, umenichongea kiwiliwili? Hupati gunia, hupati hata kibaba!"

Lali akainama kukusanya patasi zake. Atawaambia nini watoto?

"Taratibu," Bibi Velbai akasema. "Leo Lakshmi hutembelea nyumba iliyo wazi. Washa taa, mwanangu. Unganisha viganja, umwombe. Mimi nafungua dirisha."

Devsi akawasha taa, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa. Bibi akapitisha mkono tunduni, akalisukuma dirisha, kwaa! Devsi akainua macho.

Lakshmi ana uso. Uso mkavu, wenye mikunjo, umezungukwa na taji. Chini yake kiganja kiko wazi.

Alikuwa Bi Hadia na kikapu chake, amekuja kama kila jioni. Lali akatamani ardhi immeze.

Devsi akafungua kinywa kumfukuza. Viganja bado ameviunganisha.

"Unamwomba au unamfukuza?" mama yake akauliza.

"Mama, huyu si Bi Hadia?"

"Ndiye. Uso huo ndio wa kwanza kuuona ulipokuja duniani. Kitovu kilikuwa kimekuviringa shingoni, umegeuka rangi. Mimi nilikwisha kukata tamaa. Yeye hakukata. Wala hakuniuliza nitalipa lini."

Taa zinawaka.

"Devsi mwanangu," Bi Hadia akasema kutoka nje, "nipe basi huo mtama, miguu inaniuma."

Devsi akalia mbele ya watu. Akachota kibaba, kikafurika. Akachota tena. Usiku huo Lali alibeba gunia lake, na kesho yake ghala likafunguliwa kwa mji mzima, kulipa ni wakati wa mavuno. Msidhani aligeuka malaika. Alinung'unika kila alipopima. Lakini alipima.

Bibi Velbai alikufa, Mungu amrehemu. Miaka ikapita, fundi mmoja mgeni akauona ule ubao, akasema, "Mzee Devsi, nikuchongee uso hapo?"

"Usipaguse," Devsi akamjibu. "Nyuso zinakuja zenyewe."

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nasema, ukiomba baraka ziingie, usilifunge dirisha zinakopitia. Hadithi yangu imeishia hapo dirishani. Mwenye kikapu na aichukue.