Fundi Mnana Alipokuwa na Madoa

Paukwa!

Pakawa!

Wapi! Hiyo ni pakawa ya wenye njaa. Wakubwa huko nyuma, fungeni simu zenu na ninyi muitikie. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, lakini siyo kale ile ya mbali sana. Ni kale hii ya karibu, simu zilikuwa zimeshafika msituni. Tembo anayo, panya anayo, hata konokono anayo na ameiweka ndani ya gamba.

Msitu huo ulikuwa na fundi mmoja wa viota, ndege wa njano, jina lake Mnana. Fundi kwelikweli! Alikuwa akijipiga video anafuma, anafunga, anaeleza. Video nyingine aliziweka wazi kwa kila mtu. Nyingine aliziweka kwenye ukurasa wa wanachama, na ukitaka kuingia humo unampelekea punje za mtama kila mwezi mwandamo.

Bi Chozi alikuwa mwanachama. Mnamjua chozi? Kale kandege kadogo, mdomo umepinda, kazi yake kunyonya maua. Bi Chozi alikuwa na kiota kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi la mgunga, na ndani ya kiota mna mayai mawili. Mayai yake ya kwanza, jamani. Alikuwa akiyasemesha asubuhi na jioni.

Siku hiyo upepo ukavuma. Vuu! Kiota kikalia, kwee, kwee. Bi Chozi akatazama juu. Lo! Ukindu, ule uzi wa jani la mkindu uliokifunga kiota kwenye tawi, umelegea. Akatazama mbali. Mawingu meusi yanakuja, yamebeba mvua.

Akaogopa sana. Kiota kikianguka, mayai ndiyo basi.

Akasema, "Ngoja kwanza. Fundi Mnana alishawahi kufundisha hili. Kukaza kiota bila kukishusha. Video yake niliiona mwenyewe, zamani, kule kwenye ukurasa wa wanachama!"

Akafungua simu. Akaandika mahali pa kutafutia: kiota kimelegea. Tik! Simu ikajibu: Hakuna kilichopatikana.

Akaandika: kukaza kiota. Tik! Hakuna kilichopatikana.

Akaandika: kiota kinaanguka nisaidieni jamani. Tik! Mnadhani ilijibu nini?

Hakuna kilichopatikana!

Kunguru alikuwa tawi la juu, anasikiliza yasiyomhusu. Akasema, "Dada, usijichoshe. Hiyo imefutwa. Jenga kiota kingine."

"Na mayai je?"

"Utataga mengine."

Maneno hayo yalimchoma Bi Chozi. Kunguru akajikuna kwapa, akaruka zake.

Akaja Tumbiri, mwenye mikono isiyotulia. "Kuna nini, dada? Lete simu!" Akaidaka. Akaanza kupangusa kioo kwa kidole, fya! fya! fya! Picha zikapita mbio, njano, njano, njano. Simu ikazunguka, ikazunguka, ikakwama. Kisha, pu! Ikawarudisha juu kabisa, pale pale walipoanzia.

"Hii hapa mpya," akasema Tumbiri. "Kiota Imara kwa Dakika Moja. Si ndiyo hiyo hiyo?"

Wakaitazama. Ngoma zinalia, dum dum dum, Fundi Mnana anang'aa kama embe bivu. Anapitisha ukindu, anavuta, kwisha! Anatabasamu. Bi Chozi naye akachukua ukindu mpya, akaupitisha, akavuta. Fyuu! Fundo likateleza. Kiota kikashuka kidogo. Ndani mayai yakagongana, ko.

Tumbiri akairudisha simu.

Akampigia Fundi Mnana mwenyewe. "Fundi, samahani kwa usumbufu. Ile video yako ya zamani ya kukaza kiota, umeifuta?"

"Sijafuta, mama. Ipo. Ila nitakuambia ukweli, hata mimi nikiitafuta siioni."

"Haa! Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe! Nilipoanza kazi hii nilikuwa sijui mambo ya majina. Kila video niliiita Hamjambo Wapenzi. Zote! Ukiandika kiota, simu itajuaje?"

Bi Chozi akafumba macho. Jina halipo. Basi aliona nini siku ile? Akakumbuka. Akacheka japo alikuwa na hofu.

"Fundi, siku ile hukuwa wa njano. Ulikuwa na madoa."

"Weee, mama! Usinikumbushe!" Fundi Mnana akaona haya hata kwenye simu. "Ndiyo nilikuwa nabadilisha manyoya ya ujana. Njano kifuani, kwingine kote rangi ya nyasi kavu. Nilitisha!"

"Ulikuwa hivyo mara ngapi?"

"Msimu ule mmoja tu. Siku hizi kiangazi nafifia mwili mzima, masika nang'aa mwili mzima. Ya madoa iko chini kabisa, mama. Shuka polepole, usiikimbize simu."

Bi Chozi akashukuru, akakata simu. Tumbiri akanyoosha mkono.

"Hapana, kaka Tumbiri. Mikono yako naihitaji kwingine. Nishikie kiota."

Na Tumbiri, hebu mwoneni, akakishika kiota kwa mikono miwili, akatulia tuli. Hajawahi kutulia vile tangu azaliwe.

Bi Chozi akashuka kwenye ukurasa. Semeni nami: shusha, ngoja! Shusha, ngoja! Anashusha kidogo, anangoja picha zifunguke. Fundi wa njano, hayo masika. Shusha, ngoja! Fundi aliyefifia, hicho kiangazi. Shusha, ngoja! Njano tena. Shusha, ngoja! Kufifia tena.

Tone la kwanza la mvua likaanguka, ta.

"Dada, fanya haraka!" Tumbiri akalia.

"Nikikimbia inanirudisha juu," akasema Bi Chozi. Shusha, ngoja! Shusha, ngoja!

Akamwona. Ndege mwembamba, ana madoa, ameduwaa mbele ya kamera. Hamjambo Wapenzi.

Akafungua. Hamna ngoma wala mbwembwe. Fundi kijana anapitisha ukindu, anavuta, fyuu! Umeteleza. "Msicheke," anasema. Anajaribu tena, fyuu! Anautazama ukindu. Kisha anasema, "Aaa, nimeelewa. Ukindu mkavu unateleza. Ulowekeni kwanza, ndipo mfunge."

Bi Chozi akautoa ule ukindu mpya nje ya majani, kwenye yale matone aliyokuwa akiyaogopa. Ukalowa, ukalainika. Akaupitisha, akazungusha, akavuta kwa mdomo wake uliopinda. Kwi! Ukakamata.

"Kaka, achia."

"Niachie kweli?"

"Achia."

Tumbiri akaachia. Mvua ikamwagika, pwaa! Kiota kikayumba huku, kikayumba huku. Hakikuanguka.

Jioni Fundi Mnana akapiga kuuliza. Aliposikia mayai yamepona alifurahi mno. Akasema, "Na mimi ile video nilikuwa nimepanga kuifuta. Nilikuwa naona aibu." Hakuifuta. Akaipa jina, ukindu mkavu unateleza, na picha yake ya madoa akaiacha vile vile.

Watoto wa Bi Chozi walipoanguliwa, Tumbiri alikuja kuwatazama. Hawana manyoya, macho yamefumba, midomo imeachama. Akasema, "Wabaya hawa!" Mama yao akacheka, akasema wazuri hawa, akawalisha.

Basi wanangu, na ninyi wakubwa, fundisho ni hili. Ukisahau jina la kitu, usiseme kimepotea. Kumbuka ulichokiona, kisha ukitafute bila pupa. Na kazi yako ya mwanzo usiionee haya, maana pale ulipokosea ndipo mwenzako anapojifunza.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya mgunga. Aliyependa ampigie makofi Tumbiri, kwa kutulia.