Trela Iliyoitwa Jifunge

Jifunge akiitwa haitiki.

Saumu kalisema neno hilo sasa hivi mbele yenu, nanyi mkaangua kicheko. Mnacheka nini? Dzombo, wewe mwenyekiti mzima, unacheka mpaka unashika mbavu! Mmekaa bandani tangu asubuhi mnabishana, tununue trela ya kujifunga ya kubebea jetski au tusinunue, na picha yake inazunguka simu kwa simu kama picha ya bibi harusi. Msichana kawapa neno moja la maana, mnamcheka, kisha mnanigeukia: "Babu Mwinyihaji, maneno hayo yametoka wapi?"

Yametoka hapahapa. Msidhani ni ya wahenga wa zama za kale. Yalizaliwa ndani ya banda hili miaka kumi na minne iliyopita, na yalizaliwa kwa uchungu. Kaeni, niwaambie yalivyozaliwa. Zimeni hizo simu. Saumu, kaa na wewe. Unayajua, lakini huyajui yote.

Wakati ule kikundi chetu kilikuwa na jetski mbili tu za kukodisha wageni. Hazikulala ufukweni, maana wezi wa mafuta walikuwa hawatupi usingizi. Zililala nyumbani kwa Ndaro, dereva wetu, kule juu barabarani. Kwa hiyo kila siku trela ilishuka na kupanda mteremko huu. Na trela ya zamani ilikuwa na kazi, wanangu, kazi haswa! Lazima mtu aingie majini mpaka kiunoni, aishike pete iliyo puani mwa jetski, aingize kulabu, azungushe winchi mpaka jetski ipande, halafu aifunge mkanda. Siku za kusi, mawimbi yanaisukuma jetski huku na huku, na vidole vinabanwa. Tulikuwa na mtu mmoja wa kazi hiyo, tukimwita mfungaji. Jina lake tuliache kwanza.

Nimesema tuliache, Dzombo! Unasimuliwa au unasimulia?

Basi, tulikuwa na desturi yetu. Ndaro hakuliondoa gari kabla ya kutoa kichwa dirishani na kupaza sauti: "Kafunga nani?" Na mfungaji alimjibu kwa jina lake: "Kafunga fulani!" Si "tayari", si "twende", wala si kuinua kidole gumba. Jina. Bila jina, pikapu haisogei hata kama wageni wamejaa wanangoja. Watu wa mjini walituona washamba. Lakini mtu akiulizwa kafunga nani, kabla hajafungua mdomo, mkono wake wenyewe hurudi kuuvuta ule mkanda mara moja zaidi. Nimeliona hilo kwa macho yangu miaka na miaka. Hakuna anayependa kulitaja jina lake juu ya fundo bovu.

Ndipo akaja muuzaji na trela mpya. Ilikuwa inang'aa, ina magurudumu mapana, na mbele ina komeo. Akatuonyesha. Akaiendesha jetski kutoka majini moja kwa moja mpaka juu ya trela, pete ikaingia kwenye komeo, tukasikia ka! "Imejifunga yenyewe," akasema. "Hulowi hata goti."

Na muuzaji yule hakuwa mwongo, mnisikie vizuri. Alitoa mkanda wa njano, akasema, "Huu ni wa usalama. Kabla hujatoka na trela, ufunge kwa mkono, na komeo ulikague." Alilisema mara mbili. Nani alimsikiliza? Masikio yetu yalikuwa yameshashiba lile neno "yenyewe".

Tukafanya kikao kama hiki chenu. Mfungaji ndiye aliyeitaka ile trela kuliko wote, na kwa hilo simlaumu. Kidole chake kimoja kilikuwa kimepinda, mgongo unamuuma, na kila siku yeye ndiye anayelowa. Aliyepinga ni Ndaro peke yake. Akasema, "Sikatai. Lakini mimi nikiuliza kafunga nani, nani atanijibu?"

Mfungaji akadakia, "Atakujibu Jifunge!"

Loo, banda zima lilipasuka kwa kicheko! Kicheko kilekile mlichocheka nyinyi sasa hivi. Ndaro akaona haya. Hakuna aliyehesabu kura siku ile. Kile kicheko ndicho kilichonunua trela, na trela ikabaki na jina hilo, Jifunge.

Wiki ya kwanza Ndaro aliendelea kuuliza. Akitoa kichwa tu, "Kafunga nani?", watu ufukweni wanaitika kwa pamoja, "Jifungeee!" Mpaka wauza madafu walilijua. Mtu mzima na ndevu zake anafanyiwa hivyo kila siku, atavumilia hadi lini? Akaacha kuuliza. Akawa anatazama kwenye kioo, mfungaji anainua kidole gumba, wanaondoka.

Na ule mkanda wa njano mnajua ulikwenda wapi? Mfungaji aliupeleka kwake uani, akaufanya kamba ya kuanikia nguo! Mkanda mzima wa usalama, ukabeba kanga na suruali. Nikiukumbuka natamani kutukana, na kwa umri wangu huu nimeshaacha kutukana.

Tukakaa hivyo miezi saba bila ajali hata moja. Na hiyo ndiyo hatari yenyewe, maana miezi saba ya salama humfanya mjinga ajione hodari.

Sasa sikilizeni. Pale juu, mteremko unapokaribia kukutana na lami, kuna tuta. Chini kidogo ya tuta, kando ya njia, palikuwa na kibanda cha Mwanamisi, mama yake Saumu. Alikuwa akikaanga viazi karai. Sisi sote tulikuwa tunakula kwake. Hapakuwa na mtu wa banda hili aliyeanza kazi bila viazi vya Mwanamisi na ukwaju wake. Alikuwa mjane, na mkono wake wa kulia ndio uliokuwa ukimlisha yeye na mwanawe.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, jetski moja iligoma, ikabidi ipandishwe kwa fundi. Wageni wengi, kelele nyingi, kila mtu ana haraka. Tukaisukuma mpaka juu ya trela. Ka! Mfungaji akainama, akaona ulimi wa komeo haukuingia wote. Umeingia nusu. Ulikuwa umekula mchanga, ule mchanga wetu mnene wa vipande vya makome. Kilichotakiwa ni kidogo tu: maji kopo moja, auoshe, aufunge upya. Mfungaji akaupiga kofi. Akasema, "Si unajifunga? Jifunge basi!" Akainua kidole gumba. Ndaro akaondoka.

Gari likapanda. Trela ikaruka tuta, komeo likaachia, na jetski, uzito wa magunia manne ya mahindi, ikateleza kinyumenyume. Ikaanguka chini, ikaserereka mteremko, ikakivaa kibanda cha Mwanamisi. Yeye mwenyewe aliruka ikamkosa. Karai halikumkosa. Mafuta yaliyokuwa yakichemka yalimmwagikia mkono wa kulia, tangu kiwiko mpaka kwenye kucha.

Sitawaeleza alivyolia. Nitawaambia tu kwamba hospitalini walimkata bangili zake kwa mkasi wa bati, kwa sababu hazikuwezekana kuvuliwa.

Alirudi baada ya wiki sita. Vidole vitatu vimeshikana, havifunguki mpaka leo. Sisi tulikuwa tumeshampelekea unga, sukari na pole, pole nyingi sana, tukaona tumefanya uungwana. Siku ya kikao akaingia mwenyewe kwenye mlango ule, mkono kaufunga kwa leso. Tukasimama wote. "Pole, dada. Pole, Mwanamisi. Mungu atakuafu."

"Kaeni," akasema. "Sikufuata pole. Pole zenu zimenijazia nyumba, sina pa kuziweka. Nimekuja na swali moja tu. Kafunga nani?"

Tukatazamana.

"Mbona mnatazamana? Swali si langu, ni lenu. Miaka yote nimekaa pale juu nalisikia. Kafunga nani, kafunga fulani. Nilikuwa nikilisikia najua gari linakuja, nami nasogeza karai langu. Mkaacha kuuliza, na siku ile sikusikia kitu. Basi nauliza mimi. Kafunga nani?"

Ndaro akasema, machozi yanamtoka, "Mimi nilikuwa kwenye usukani, dada. Kosa langu nalijua. Sikuuliza. Nilichekwa, nikaacha kuuliza."

"Wewe umeitika," Mwanamisi akamwambia. "Kaa. Aliyefunga ni nani?"

Mfungaji alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, hatua nne kutoka kwake. Alifungua mdomo, na mnajua alisema nini? Alisema, "Dada, ile trela, unajua, inajifunga yenyewe."

Na wengine, wanaume wazima wote, wakatikisa vichwa. Ndiyo, dada. Inajifunga yenyewe. Ni ajali, dada. Mambo ya mashine hayo. Kila mmoja akajificha nyuma ya kile kipande cha chuma.

Mwanamisi hakubisha. Alitoka nje, akaenda mpaka pale trela ilipoegeshwa, sisi tukamfuata. Akaipigia hodi kwa ule mkono mzima, kama mtu aliye mlangoni kwa jirani. "Jifunge!" akaita. "Wee Jifunge! Toka unijibu, mkono wangu uko wapi?"

Akaita mara tatu. Upepo ulikuwa ukivuma, na ile trela imekaa tu na magurudumu yake mapana.

Ndipo akageuka, akatutazama mmoja mmoja. Akasema, "Jifunge akiitwa haitiki. Basi kaeni naye." Akaenda zake.

Hivyo ndivyo neno lilivyozaliwa. Watu wakalichukua, wakalipeleka kila mahali. Diwani akila pesa ya kisima, wanasema Jifunge akiitwa haitiki. Mtoto akivunja sahani na kusema imevunjika yenyewe, mama yake anamwambia hilohilo. Na kila mtu anadhani Jifunge ni ile trela.

Uongo! Trela ingeitikaje? Trela ina mdomo? Chuma hakina kosa. Chuma kilikwambia kwa macho yako kwamba ulimi haujaingia. Ungekuwa umetaka kuona, ungeona. Jifunge ni mtu. Jifunge ni yule aliyekaa kwenye kreti akaitwa na mwenye mkono ulioungua, akaangalia vidole vya miguu yake. Siku zote hizi anazunguka mjini, watu wanamwamkia, wanamwita mzee wa busara, wanamletea kesi zao awaamulie. Na Saumu aliacha shule darasa la sita ili ashike mwiko mama yake asioweza kuushika. Na yule mzee wa busara akapita pale kila asubuhi, akanunua viazi vilivyokaangwa na mtoto, akala! Vilimshukaje kooni? Niambieni, vilimshukaje?

Mnaniuliza tena jina lake. Haya. Mficha uchi hazai, nami nimeuficha vya kutosha.

Niulizeni vizuri. La, si hivyo, Dzombo, si kwa kunong'ona. Toa kichwa uniulize kama Ndaro, Mungu amrehemu. Kafunga nani?

Hakufunga mtu. Aliyepaswa kufunga ni Mwinyihaji.

Mimi. Kidole hiki kilichopinda mnachokiona kila siku ndicho kidole cha mfungaji. Mkono huu ndio uliolipiga komeo kofi, na mdomo huu ndio uliolitoa jina la Jifunge kwa mzaha. Mwanamisi alipotutazama mmoja mmoja, aliponifikia mimi alikawia. Alijua. Kwa miaka kumi na minne ananiuzia viazi na ananitazama vilevile, anangoja.

Sasa hamcheki tena. Vizuri.

Trela inunueni. Ndiyo, nasema inunueni! Saumu hakuwaambia msinunue, mlimcheka kabla hajamaliza. Kwa nini mtu avunjike vidole kama mimi wakati kipo chuma cha kumsaidia? Lakini kabla hamjamwita muuzaji, andikeni kwenye ukuta huu nani ataosha ulimi wa komeo, nani atafunga mkanda, na nani atauliza. Na atakayeuliza asichekwe. Mkishindwa kuandika majina, basi hamjawa tayari kununua hata kamba ya mbuzi.

Saumu, mwanangu. Usinitazame hivyo. Au nitazame, una haki. Mama yako yuko kibandani saa hizi? Nilitaka kukutuma ukamwambie aniite tena, safari hii nitaitika.

Umesemaje? Sema kwa sauti, wasikie.

"Siendi. Miguu unayo."

Kweli kabisa. Ninayo. Hata leo, mbele yenu nyote, nilitaka mtu mwingine anifungie fundo langu. Jifunge akiitwa haitiki, na mmemwona kwa macho yenu. Haya, Dzombo, nipe fimbo yangu. Nipisheni mlangoni, naenda kuitika.