Hodi Tatu za Tembo kwa Bi Nondo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango na vyungu jikoni, aliishi Bi Nondo, mdudu kama kipepeo, hapiti punje ya hindi kwa ukubwa. Mabawa yake ya kijivu, michirizi ya kahawia, pindoni weupe wa majivu. Akitulia kwenye gome la mgunga, humwoni ng'o! Ukoo wake ulikaa kwenye migunga tu, kuanzia kijitoni hadi kilimani. Ng'ambo ya kilima hayupo hata mmoja.

Asubuhi moja, ti! ti! ti! Tembo huyo, ana njaa, anakuja kubandua magome ayale. Na katika nyufa za gome la Bi Nondo mna mayai yake arobaini!

"Shikamoo, mzee Tembo!"

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mimi Nondo. Huu mgunga ndio nyumba yangu."

"Nyumba? Kwa-kwa-kwa! Basi leo naila nyumba na mlango wake!"

"Kula, baba. Lakini juzi si ulimtandika Fisi bakora kwa kuingia nyumbani kwako bila kuitikiwa? Ulisemaje vile?"

Nyani, aliyekuwa juu ya mwamba na mkewe, akadakia, "Alisema hodi tatu! Usipoitikiwa, rudi zako!"

Tembo akakohoa. Aibu, majirani wanatazama.

"Haya, nabisha! Lakini nikikuona tu, hesabu umeniitikia."

"Sawa, baba," akasema Bi Nondo, akajibana kwenye gome.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!" Mkonga ukapita juu ya gome, fuuu! Bawa moja likainuka. Lo, wanangu! Mayai arobaini! Bi Nondo akang'ang'ania kwa miguu yote sita, bawa likashuka. Tembo hakuona kitu.

"Hodiii! We Nondo, uko wapi?"

Kimya.

"Tatu hizo!" Nyani akapiga makofi. "Rudi, mzee! Na migunga yote hadi kilimani ina wenyewe!"

Tembo akaenda mgunga wa pili. Hodi, hodi, hodi! Shangazi mtu yupo mbele ya pua yake, kimya. Wa tatu, binamu, kimya. Hadi jua la utosi amebisha migunga yote mpaka kilimani, sauti imemkauka. Akavuka kilima, akala huko kusiko na wenyewe.

Mkia wake ulipopotea, Bi Nondo akakunjua mabawa, akaita kwa kisauti chake chote:

"Karibuuu!"

Basi jueni, wanangu: mkubwa akibanwa na amri yake mwenyewe, mdogo hahitaji rungu.