Mkono wa Mponda Kokoto

Ndugu zangu, leo nitawapeleka kwenye kibanda cha fundi wa kompyuta. Tutakaa pale kidogo, kisha tutarudi hapa hapa kanisani. Tukirudi, naomba msinikasirikie.

Kulikuwa na mama mmoja mponda kokoto. Mnawajua akina mama hawa. Asubuhi nyundo inapanda, jioni nyundo inawekwa chini, na katikati ni mawe matupu. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, mpaka ncha za vidole vyake zikawa ngumu kama soli ya kiatu. Sufuria ya moto aliiepua bila kitambaa. Siku moja wenzake kwenye kikundi cha machimbo wakamchagua kuwa katibu, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa mtu wa umbea. Tangu azaliwe hakuwahi kuchaguliwa kwa jambo lolote. Usiku ule, aliwaambia wanawe, alishindwa hata kumaliza chakula kwa furaha.

Kikundi kilikuwa na laptopu moja kuukuu, na kazi ya kwanza ya katibu ilikuwa kuandika maombi ya kibali cha machimbo yafike wilayani Ijumaa. Mwenyekiti alikuwa ameshasema: akishindwa, ukatibu anapewa mwingine.

Sasa laptopu ina kile kibao laini chini ya herufi. Unapitisha kidole, na mshale unatembea kwenye kioo. Mama akapitisha kidole. Mshale ukatulia. Akapitisha tena. Mshale hata kutikisika. Ngozi yake ilikuwa nene mno, kibao hakikujua kwamba kimeguswa na mtu.

Akaipeleka kwa fundi. Fundi akaiwasha, akapitisha kidole chake, mshale ukakimbia kona hadi kona.

"Mbona nzima, mama?"

"Kwangu haiendi."

"Mikono imekauka tu. Kapake mafuta."

Akapaka mafuta siku mbili. Mshale haukwenda. Akarudi. Fundi, kwa kweli hakuwa mtu mbaya, akakitoa kibao kile akaweka kingine kipya cha aina ile ile. Akakijaribu kwa kidole gani? Semeni. Kwa kidole chake! Kikafanya kazi. Mama akajaribu mbele yake, kikagoma.

Najua kuna mmoja hapa anajiuliza: si angempa kipanya cha waya yaishe? Kipanya kinataka meza, ndugu yangu. Ofisi ya mama huyu ilikuwa jiwe, na meza ilikuwa mapaja yake.

Fundi akachoka. Akafunga laptopu, akamrudishia, akamwambia, "Mama, mimi nimemaliza. Mashine ni nzima. Mkono wako ndio mbovu."

Mama akautazama mkono wake. "Mkono huu umesomesha watoto wanne, fundi. Leo ndio umekuwa mbovu?"

Hakungoja jibu. Akachukua laptopu yake akaondoka. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano fundi alikuwa anabandika kioo cha simu ya mteja kwa ile gundi kali, supagluu. Mafundi wenyewe wanaijua, ukizubaa inakushika. Ikamwagika, ikamgandia vidole vyote vya mkono wa kulia, ikakauka hapo hapo na kuwa kama gamba. Hakujali. Akavuta laptopu ya mteja mwingine, mwalimu mmoja aliyekuwa amesimama anasubiri. Akapitisha kidole. Kimya. Akapitisha tena, akabonyeza, akagonga kwa kucha.

"Mwalimu, kibao chako kimekufa," akasema. "Hiki ni cha kubadilisha."

Mwalimu akanyoosha mkono juu ya meza, akakigusa. Mshale ukakimbia.

Fundi akaangalia vidole vyake. Akakaa chini. Mnaona alichofanya? Kidole cha mama kilipokataliwa, mkono ulikuwa mbovu. Kidole chake kilipokataliwa, mashine ndiyo imekufa. Ni mtu yule yule, kazi ile ile, tofauti ya siku moja tu! Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huyu alikuwa amelala dakika tatu tu, na alikuwa ameshaanza kujikuna.

Mteja alipoondoka, fundi akaingia kwenye lundo la mashine mbovu nyuma ya kibanda. Zipo laptopu nyingine za zamani ambazo katikati ya herufi zina kinundu kidogo chekundu, kama punje ya hindi. Kinundu kile hakiulizi ngozi yako ikoje. Ukikisukuma kulia, mshale unakwenda kulia. Hata ukikisukuma kwa kijiti, kinakubali. Akaipata moja iliyokufa, ya kampuni ile ile, akang'oa kibodi yake nzima pamoja na kinundu. Akapanda bodaboda na tupa na bisibisi zake, mpaka machimboni.

Alimkuta mama akiandika maombi yale kwa kalamu, na mwenyekiti amesimama pembeni anamweleza kwa upole kwamba hakuna ubaya, kila mtu na kipaji chake. Upole wa namna hiyo mnaujua.

Fundi akasalimia, akaomba laptopu, akakaa juu ya mawe. Kibodi haikuingia. Akachonga plastiki kwa tupa, akapanua tundu, akasogeza skrubu, akaunganisha utepe wake wa nyaya. Ilimchukua muda, na akina mama wote waliacha nyundo wakaja kuangalia. Alipoiwasha, safari hii hakuijaribu yeye. Alimpa mama.

Mama akaweka kidole kile kile juu ya kinundu, akasukuma. Mshale ukaondoka. Akasukuma upande wa pili, ukarudi. Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

Fundi akasema, "Haya mama, imepona."

"Haikuwa inaumwa," mama akamjibu. "Wala mimi sikuwa naumwa."

Maombi yalifika wilayani Ijumaa, na katibu ni yeye mpaka leo.

Mmecheka, nimefurahi. Sasa turudi kanisani, kama nilivyowaahidi.

Mama Namsifu, aliyetuongozea kwaya miaka kumi na tisa, alivunjika nyonga mwaka jana. Mlango wetu una ngazi saba. Tangu siku ile anakaa nje kwenye kiti cha plastiki, chini ya dirisha lile. Yupo pale sasa hivi, ananisikia. Jana nilikwenda kumwomba ruhusa ya kumtaja, akaniuliza swali moja tu: "Mchungaji, utawaambia ngazi ni saba?" Nimewaambia, mama.

Baraza la wazee tulikaa kuhusu jambo lake. Tukanunua spika, tukaifunga ukutani nje. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mimi. Tukataka kuhakikisha kama inafaa, basi nikatoka mwenyewe, nikasimama pale kwenye kiti chake, nikasikiliza kwaya. Nikasikia vizuri kabisa. Nikawaambia wazee, "Inafanya kazi."

Kisha nikapanda ngazi saba, nikarudi ndani.

Sijapata usingizi mzuri tangu nilipolitambua hilo. Nilimpimia dada yangu kwa miguu yangu mimi. Na mara ngapi sisi tumesema kwamba fulani amepoa, fulani ameacha kusali, fulani siku hizi anajitenga? Tumeutazama mkono wake, tukasema ni mbovu. Mlango tumeuacha kama ulivyo, kwa sababu sisi tunapita.

Jumamosi saa mbili asubuhi tunachimba na kumwaga zege, tuwe na njia ya mteremko hapa mlangoni. Mwenye koleo aje na koleo, mwenye ndoo aje na ndoo. Na tukimaliza, hakuna kati yetu wa kuijaribu kabla yake.

Sasa simameni. Wimbo wa mwisho hatuuimbi humu. Bebeni mabenchi, tushuke ngazi, tukakae alipo kiongozi wetu wa kwaya, atuanzishie yeye.