Mwili Hauna Kawa

Paukwa!

Pakawa!

Kawa imefunika nini?

Kamuulize aliyepika.

Basi sogeeni motoni, na huyo anayesinzia mguseni. Hapo zamani za kale palikuwa na msichana aitwaye Mize. Aliishi na bibi yake, Bi Mosi, chini ya Mlima Kidundu. Walikuwa wawili tu, na kuku weupe uani, na konde moja bondeni lenye udongo mweusi. Konde hilo ndilo lililowalisha. Hawakuwa na jingine.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi. Kabla ya mvua za kupanda, kila nyumba ilimtuma mtu mmoja juu ya mlima, akateke maji ya chemchemi na kuyamwaga katika konde lao. Nyumba ambayo maji yake hayakufika kabla jua halijasimama utosini, konde lake lilipewa watu wengine msimu ule. Wazee walisema, "Asiyepanda mlima hapandi mbegu."

Nyumba ya Bi Mosi ilimtuma Mize. Alikuwa akipanda anaimba, akishuka anaimba, mtungi kichwani na tone halimwagiki.

*Alikuwa anakula nini?*

Umeuliza vema. Alikula cha bibi yake. Bi Mosi alitwanga mahindi na ganda lake, hakuyakoboa, na unga wake ulikuwa dona. Asubuhi uji wa dona. Mchana ugali wa dona, na kunde, na mchicha ulioepuliwa bado una rangi yake, na dagaa wa kutafuna na mifupa yao. Papai likiiva, papai. Kila alichopika alikifunika kwa kawa ya ukindu aliyoisuka mwenyewe, kisha akaenda kondeni. Jioni akirudi aliuliza neno moja tu: "Umekula?"

"Nimeshiba, Bibi," Mize alijibu. Na ilikuwa kweli.

Siku moja alikuja Kidawa kuomba kaa la moto. Baba yake Kidawa alikuwa tajiri. Kwao mahindi yalikobolewa mpaka yakawa meupe kama pamba, na vitumbua vya sukari vililiwa asubuhi na jioni. Kidawa akafunua kawa, akachungulia.

"Ugali gani huu wa rangi ya vumbi?"

"Ni dona."

"Yaani na pumba zake? Mize, shoga yangu, pumba si za kuku? Kumbe ndiyo maana unaongea pumba."

Wasichana waliokuwa nje wakacheka. Mize akacheka nao, lakini masikio yalimwaka moto.

Walipoondoka alichukua ugali na mchicha, akawamwagia kuku. Akarudisha sahani tupu mahali pake, akaifunika. Kawa ikaimba:

*Nifunike, nitafunika,*
*sahani tupu nitaificha.*
*Lakini mwili hauna kawa, Mize,*
*mwili hauna kawa.*

"Nyamaza," akasema Mize.

Jioni bibi akarudi. "Umekula?"

"Nimeshiba, Bibi."

*Kuku walikula wote?*

Walikula wote, wakapangusa midomo mchangani.

Tangu hapo Mize akawa mtu wa kwa kina Kidawa. Alikula vitumbua, akanywa chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Wakamaliza kula, wakajinyoosha mkekani, wakasukana nywele. Siku moja Kidawa akamshika mkono, akaugeuza.

"Viganja vyako vigumu kama vya mzee."

"Ni mchi," akasema Mize, akaurudisha mkono haraka ndani ya kanga.

Akarudi nyumbani akasema mgongo unamuuma. Bi Mosi akatwanga peke yake. Akasema mguu umeteguka. Bi Mosi akaenda kisimani peke yake. Na kila mchana kunde zilikwenda kwa kuku, dagaa wakaenda kwa kuku. Mize akawa anaamka amechoka kana kwamba ametoka kulima. Akichota maji nusu ndoo, anahema. Kuku nao wakang'aa manyoya, wakawa wanaruka ua kwa mruko mmoja. Kuku mmoja akamwambia, "Mize, kunde za leo zimepungua chumvi kidogo. Ila tunashukuru."

Kawa ikaimba:

*Nifunike, nitafunika,*
*sahani tupu nitaificha.*
*Lakini mwili hauna kawa, Mize,*
*mwili hauna kawa.*

Jioni: "Umekula?"

"Nimeshiba, Bibi."

*Mwongo.*

Ndiyo, mwongo. Lakini subirini, kubwa zaidi linakuja.

Siku moja Mize alikuwa barazani kwa kina Kidawa na wasichana wengine. Akamwona bibi yake anakuja, miguu ina tope la konde, mkononi kabeba sahani iliyofunikwa kwa kawa ile ile. Mize akatamani ardhi imfunike.

"Mize," akasema Bi Mosi, "umeondoka hujala. Nimekuletea."

Wasichana wakatazamana. Kidawa, akijifanya hamjui, akamnong'oneza, "Huyu nani?"

Na Mize, bila kuinua macho, akasema, "Jirani yetu."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini Bi Mosi alikuwa karibu. Akaiweka sahani chini taratibu.

"Ndiyo," akasema, "mimi ni jirani. Kuleni, wanangu, kingali cha moto."

Akaenda zake. Safari hii kawa haikuimba. Na jioni ile Bi Mosi aliuliza kama kawaida, "Umekula?" Mize akajibu kama kawaida. Lakini hakupata usingizi.

Ikafika siku ya mlima. Mize aliona haya kusema hawezi, maana angeulizwa kwa nini. Akajitwika mtungi. Watu wakaanza kupanda kwa mwendo wa kawaida, yeye akakimbia ili asionekane amelegea. Hakufika mbali. Kifua kikawaka, macho yakaona giza. Akakaa juu ya jiwe. Pembeni yake alikuwa Kidawa, naye amekaa, anapepea uso kwa kanga.

"Sisi tuna makonde mengine," akasema Kidawa. "Ninyi je?"

Watu wakampita, mmoja mmoja, na kila aliyepita alimtazama. Jua likapanda. Akalia.

Mara akasikia hatua kutoka chini, hatua za polepole. Alikuwa Bi Mosi. Alinyoosha mkono, akasema, "Lete mtungi."

Akapanda. Hakukimbia, wala hakusimama. Mguu, pumzi, mguu, pumzi, kama atwangavyo kila asubuhi. Akapotea juu kwenye miamba. Kabla jua halijasimama utosini, akaonekana anashuka, mtungi kichwani, tone halimwagiki.

Kidawa akasema, "Jirani yenu ana miguu."

Mize akasimama. Akasema, na wote waliokuwa njiani wakasikia. "Si jirani. Ni bibi yangu. Nilimwonea haya, nikamkana. Haya ni yangu mimi."

Bi Mosi akapita kama hakusikia. Mize akamfuata mpaka kondeni. Maji yakamwagwa, udongo ukanywa, konde likabaki lao. Bi Mosi akakaa juu ya tuta, akakung'uta vumbi miguuni.

"Umekula?" akauliza.

"Sijala, Bibi. Siku nyingi sijala. Chakula chako wamekula kuku."

"Najua," akasema Bi Mosi. "Kuku hawanenepi kwa upepo."

"Mbona hukusema?"

"Kawa ulifunika wewe. Nilingoja uifunue wewe."

Siku ile Mize alikula dona na mchicha, machozi yakawa ndiyo chumvi. Hakupona siku ile. Mwili ulioharibika kidogo kidogo hurudi kidogo kidogo. Alianza kwa kutwanga kidogo, kesho akaongeza. Alianza kwa kwenda kisimani, kisha kondeni, kisha nusu ya mlima. Alikunywa maji, alilala mapema, na kitumbua alikula siku ya sikukuu. Msimu uliofuata alipanda mpaka juu. Hakuimba, lakini alifika. Kuku wakanung'unika sana kwa kurudi kuparura mchanga, na kila Mize alipopita uani aliinamisha macho, maana wale walijua yote.

Basi wanangu, kuleni cha shamba kikiwa na ganda lake, na miguu mliyopewa itembezeni. Chakula cha kwenu si aibu. Aibu ni kumkana aliyekipika.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kawa nimeifunua, na aliye na njaa anawe mikono.